Jinsi ya kutafuta taunilandi ya Ayalandi na kuipanga katika ngazi zake za utawala

Mwayalandi aliyevuka bahari karne ya 19 mara nyingi aliacha kwenye karatasi vitu viwili tu: jina lake, na jina la mahali lililoandikwa na karani asiyejua Kiayalandi. Jina lake peke yake halitakufikisha mbali. Kina Murphy, Kelly na Ryan wamejaa nchi nzima, na watoto walirithishwa majina ya babu na bibi zao kizazi baada ya kizazi. Kinachomtenga John Ryan huyu na John Ryan yule ni kipande cha ardhi alichokaa. Kwa hiyo njia tunayoifuata hapa ni moja: mahali kwanza, mtu baadaye.

Kipande hicho huitwa taunilandi, kwa Kiayalandi baile fearainn. Ndicho kipimo kidogo kabisa cha ardhi chenye jina na mpaka rasmi nchini humo. Msomaji wa Afrika Mashariki atakifananisha na kitongoji, na hajakosea sana, ila kitongoji ni watu na taunilandi ni ardhi. Zipo taunilandi zisizo na nyumba hata moja, na bado jina na mpaka vipo. Kwa jumla ziko zaidi ya 60,000, Jamhuri na Ayalandi ya Kaskazini pamoja. Wastani ni ekari 325 hivi, sawa na hekta 130, lakini wastani huo unaficha mengi. Old Church Yard, karibu na Carrickmore katika kaunti ya Tyrone, haifiki ekari moja. Sheskin, katika kaunti ya Mayo, ina zaidi ya ekari 7,000.

Tofauti hiyo ina sababu, na ukiielewa utasoma majina kwa jicho jingine. Zamani ardhi ilipimwa kwa kile inachoweza kulisha au kulimwa, si kwa upana wake. Bonde lenye udongo mzuri liligawanywa vipande vidogo. Mlima wa mboji na majimaji ukabaki pande kubwa. Kila eneo lilikuwa na kipimo chake. Cavan walihesabu kwa poll. Fermanagh na Monaghan walihesabu kwa tate, na huko Monaghan tate 16 zilifanya ballybetagh moja, yaani ardhi ya mwenye wajibu wa kulisha wageni na wakubwa. Tyrone walikuwa na ballyboe, ardhi ya ng'ombe. Munster walitumia seisreach, jembe na wanyama wake wa kulivuta. Connacht walitumia ceathrú, yaani robo, na ndiyo maana pande zile utakutana na Carrow kila kona: Carrowmore ni robo kubwa, Carrowbeg ni robo ndogo, Lecarrow ni nusu ya robo. Jina la namna hiyo linakueleza mgawanyo wa shamba kabla hata hujafungua ramani.

Ngazi zenyewe, na kwa nini zinapishana

Kwa nadharia ngazi ni rahisi. Majimbo ni 4: Ulster, Leinster, Munster na Connacht. Chini yake kuna kaunti 32, ambazo 26 ziko Jamhuri na 6 Ayalandi ya Kaskazini. Kaunti hugawanyika katika baroni, zaidi ya 300 kwa jumla. Baroni hugawanyika katika parokia za kiserikali, takribani 2,500, na parokia hugawanyika katika taunilandi.

Kwa vitendo ngazi hiyo ilipandishwa nyingine juu yake. Mwaka 1838 sheria ya kuwahudumia maskini iliigawa nchi katika miungano 130, baadaye ikafika 163. Kila muungano ulijengwa kuzunguka mji wenye soko na nyumba ya kazi ya maskini, bila kujali mpaka wa kaunti. Muungano wa Newry, kwa mfano, ulikuwa na ardhi ya Down na ya Armagh. Miungano ikakatwa katika kata za uchaguzi, na uandikishaji wa vizazi na vifo ulipoanza, wilaya za uandikishaji zilifuata miungano hiyohiyo na majina yaleyale. Wakati huohuo Kanisa Katoliki lilikuwa na parokia zake, zisizolingana na za kiserikali wala kwa mipaka wala, mara nyingi, kwa jina.

Tatizo kubwa la kazi hii limelala hapo. Kila rekodi iliwekwa kwa kufuata ngazi yake. Sensa inataka kata ya uchaguzi. Cheti cha kuzaliwa kinataka muungano. Uthamini wa ardhi unataka baroni na parokia ya kiserikali. Ubatizo unataka parokia ya Kanisa. Taunilandi peke yake ndiyo inayopenya zote, na ndiyo ufunguo wa kuhama kutoka ngazi moja kwenda nyingine.

Hatua ya 1: Kusanya majina ya mahali, uyaandike kama yalivyo

Tafuta kila karatasi: cheti cha ndoa, jiwe la kaburi, orodha ya abiria wa meli, barua, hati ya kuachishwa jeshi, daftari la misheni. Nakili jina herufi kwa herufi, hata kama ni wazi limekosewa. Usilisahihishe sasa. Andika pia nani alilitaja na lini, kwa sababu mjukuu aliyezaliwa Boston anapotaja kijiji cha babu yake huwa anataja mji wa posta au mji wa soko, si taunilandi.

Kisha chora karatasi yenye nafasi hizi: jina kama lilivyoandikwa, jina sanifu, jina la Kiayalandi, parokia ya kiserikali, baroni, kaunti ya wakati ule na ya sasa, muungano, kata ya uchaguzi, parokia ya Kanisa, ukubwa, namba ya karatasi ya ramani. Utaijaza polepole. Nafasi iliyo wazi ina faida yake, kwani inakuonyesha ni rekodi gani bado huwezi kuifungua.

Hatua ya 2: Tengeneza tahajia mbadala

Kabla ya miaka ya 1830 majina haya hayakuwa na tahajia moja. Idara ya ramani, Ordnance Survey, ilianza kazi Ayalandi mwaka 1824 chini ya Thomas Colby, na msomi John O'Donovan alizunguka nchi akisikiliza wenyeji na kulinganisha maandiko ya zamani, halafu jina likapewa umbo la Kiingereza. Umbo hilo ndilo sanifu hadi leo. Kila kilichoandikwa kabla yake, na mengi yaliyoandikwa baadaye na makarani wa ng'ambo, yalifuata sikio.

Ukijua vipande vinavyojenga majina, utabashiri makosa. Bally hutoka baile, makazi, nayo huandikwa pia Balli, Bal au Balla. Knock ni cnoc, kilima. Drum ni droim, mgongo wa kilima. Derry ni doire, msitu wa mialoni. Lis na Rath ni lios na ráth, boma la duara la zamani. Clon ni cluain, mbuga ya malisho. Gort ni shamba la kulimwa. Kil ndiyo yenye mtego: inaweza kuwa cill, kanisa, au coill, msitu, na kwa Kiingereza huwezi kuzitofautisha; ni umbo la Kiayalandi tu litakaloamua. Mwishoni mwa jina, more ni kubwa, beg ni dogo, duff ni jeusi, roe ni jekundu, bawn ni jeupe.

Sasa badilisha: c kwa k, l moja kwa mbili, gh iondoe kabisa kwa sababu mara nyingi haitamkwi, a na o zibadilishane, y mwishoni iwe ie au ey. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika sehemu ya katikati ya jina tu, ile yenye konsonanti ngumu, badala ya jina zima.

Hatua ya 3: Tafuta jina sanifu na ngazi zake

Anza na Logainm, hifadhidata ya majina ya mahali ya Ayalandi. Hutoa jina sanifu, umbo la Kiayalandi, na ngazi za juu yake. Kwa kaunti 6 za kaskazini tumia pia PlaceNamesNI. Chombo cha zamani lakini bora bado ni faharasa ya taunilandi iliyotolewa baada ya sensa ya 1851: kila mstari una namba ya karatasi ya ramani, jina, ukubwa, kaunti, baroni, parokia na muungano. Mstari mmoja tu utakujazia nusu ya karatasi yako.

Chukua mfano unaowagusa wasomaji wa Kiswahili. Upande wa baba wa Barack Obama unajulikana, Kogelo katika kaunti ya Siaya. Upande wa mama, mmoja wa wahenga wake, Falmouth Kearney, aliondoka Moneygall akaenda Marekani mwaka 1850. Ukijaza karatasi, inakuwa hivi. Jina sanifu Moneygall. Kiayalandi Muine Gall, kichaka cha wageni, kwa hiyo halihusiani na fedha hata kidogo. Parokia ya kiserikali Cullenwaine. Baroni Clonlisk. Kaunti ya sasa Offaly, lakini wakati ule iliitwa King's County, na rekodi nyingi za karne ya 19 zimepangwa kwa jina hilo. Muungano Roscrea, mji ulio katika kaunti nyingine, Tipperary. Parokia ya Kikatoliki Dunkerrin, katika jimbo la Kanisa la Killaloe. Mahali pamoja, majina mengi, kaunti mbili. Anayetafuta "Moneygall, Offaly" pekee atazikosa karibu rekodi zote.

Likitokea zaidi ya moja, nalo hutokea sana, usichague lililo karibu na mji unaoujua. Ziandike zote, halafu ziondoe moja moja kwa hatua zinazofuata. Angalia pia mgawanyo wa Upper na Lower, East na West: mara nyingi ni taunilandi mbili kamili zenye kurasa tofauti, na watu wa familia moja walikaa pande zote mbili.

Kama jina halipo kabisa, kuna uwezekano wa aina tatu. Linaweza kuwa jina dogo la ndani ya taunilandi, lililotumiwa na wenyeji lakini halikuingizwa rasmi. Linaweza kuwa jina la ngazi ya juu, yaani parokia, baroni au muungano. Au ni tahajia, basi rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Ithibitishe kwa ramani na kwa ukubwa

Fungua ramani ya inchi 6 kwa maili, sawa na 1:10,560. Mipaka yake ina msingi mzuri: kuanzia 1825 Richard Griffith aliongoza kazi ya kutembea kila mpaka, akisaidiwa na wenyeji walioonyesha ni mkondo gani, ukuta upi, mtaro upi unaotenga, ndipo wapimaji wa Colby wakafuata.

Linganisha ukubwa. Rekodi hutumia ekari, ruudi na pachi: ekari 1 ina ruudi 4, ruudi 1 ina pachi 40. Taunilandi ya ekari 325, ruudi 2, pachi 16 ni 325 + 0.5 + 0.1, yaani ekari 325.6, zidisha kwa 0.4047 upate hekta 131.8. Ukubwa ukilingana na faharasa, unayo sahihi. Usipolingana kabisa, huenda umeshika taunilandi nyingine yenye jina hilohilo.

Hapa wengi hupotea kwenye vitabu vya zaka vya miaka ya 1823 hadi 1837, yaani orodha za wakulima waliotozwa zaka ya Kanisa. Vingi vinatumia ekari ya Kiayalandi, ambayo ni ekari 1.62 za kawaida. Shamba la ekari 10 mle ni ekari 16.2 katika uthamini wa baadaye, na mkulima hajaongeza hata hatua moja ya ardhi. Sehemu za Ulster zilitumia ekari ya Cunningham, takribani 1.29. Vitabu hivyo pia vinawaacha wasio na ardhi ya kulima, na majina yake ya mahali ni ya kabla ya usanifishaji.

Hatua ya 5: Soma uthamini wa Griffith

Griffith's Valuation, uthamini wa nyumba na mashamba kwa ajili ya kodi, ulitolewa kati ya 1847 na 1864, kaunti baada ya kaunti. Ni rekodi inayobeba uzito usio wa kawaida kwa sababu ya kilichopotea: sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922, ofisi ya kumbukumbu ilipoungua wakati wa vita, za 1861 na 1871 serikali ilikwisha kuziharibu, za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa katikati ya karne, orodha ya wenye nyumba na mashamba ndiyo iliyobaki.

Safu ya kwanza ni namba ya ramani. Usiiruke. Herufi kubwa, 3A na 3B, ni vipande vya shamba moja vilivyotengana. Herufi ndogo, a na b, ni nyumba. Mabano yanayounganisha majina kadhaa yanaonyesha ardhi iliyoshikwa kwa pamoja, na mara nyingi hao ni ndugu au wakwe. Safu ya tatu ni ya mwenye kupangisha, naye si lazima awe mmiliki mkuu. Jina la pili likiwekwa kwenye mabano baada ya mpangaji, kama John Ryan (Michael), mara nyingi lina maana ya John wa Michael: wathamini waliwekea alama watu wawili wenye jina moja katika taunilandi moja. Nambari ya mwisho ni thamani ya kodi ya mwaka, si bei ya kuuzia.

Aliyepanga chumba au kulala kwa mwajiri hayumo. Kutomwona hakuthibitishi kwamba hakukaa pale.

Uthamini uliendelea kusahihishwa kwa wino wa rangi katika madaftari ya baadaye. Ya kaskazini, hadi miaka ya 1930, yako mtandaoni kupitia ofisi ya kumbukumbu ya Belfast, PRONI. Ya Jamhuri yako Dublin, kwa Tailte Éireann, shirika la serikali la ardhi na ramani. Ukiyafuata utaona mwaka ambao shamba lilibadilisha jina, na mara nyingi mwaka huo uko karibu na kifo au safari.

Hatua ya 6: Sensa, vyeti na vitabu vya Kanisa

Sensa za 1901 na 1911 ziko bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Usitafute kwa jina la mtu kwanza. Ingia kwa kaunti, kata ya uchaguzi, halafu taunilandi, usome nyumba zote, ni chache. Hapo utaona majirani, nao ndio wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa utakaokutana nao baadaye. Kata ya uchaguzi mara nyingi imepewa jina la taunilandi moja iliyo ndani yake, hivyo jina ulilolifungua linaweza kuwa la eneo kubwa zaidi.

Vyeti vilianza 1864 kwa wote. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza 1845. Tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie inavyo vingi. Ukiona "Roscrea" kwenye faharasa, usimhesabu mtu kuwa mzaliwa wa mji wa Roscrea. Hiyo ni wilaya. Fungua picha ya ukurasa wenyewe, taunilandi imeandikwa ndani.

Kwa walioondoka kabla ya hapo, kama Kearney, kilichobaki ni Kanisa. Vitabu vya Kikatoliki hadi takribani 1880 vimewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa tangu 2015, na ukurasa wake una ramani ya parokia. Anza na ramani hiyo. Parokia za Anglikana hufuata zaidi za kiserikali, ila zimeunganishwa mara kwa mara. Kumbukumbu za kina Kearney zilitoka kwenye vitabu vya Anglikana vya Templeharry, jina ambalo usingelikuta kwa kupanda ngazi za Moneygall peke yake. Kwa hiyo jaribu parokia zote zinazopakana kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 7: Kagua mabadiliko ya mipaka

Laois iliitwa Queen's County, kama Offaly ilivyoitwa King's County. Kisiwa cha Inishbofin kilitoka Mayo kwenda Galway mwaka 1873. Ballaghaderreen ulitolewa Mayo ukapewa Roscommon kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1898, sheria ileile iliyozivua baroni kazi zake. Taunilandi yako ikiwa karibu na mpaka wa kaunti, tafuta pande zote mbili kila mara.

Hatua ya 8: Iunganishe na anwani ya leo

Katika Jamhuri taunilandi bado ni anwani. Majirani wengi vijijini wana anwani moja ileile, bila namba ya nyumba wala jina la barabara. Tangu 2015 msimbo wa posta uitwao Eircode, wenye herufi na tarakimu 7, unatenga kila nyumba, lakini nyumba zinazopakana hazina misimbo inayofuatana, kwa hiyo huwezi kukisia ya jirani. Kaskazini, katika miaka ya 1970 posta iliweka majina ya barabara na namba, na taunilandi zikafutika kwenye bahasha. Fermanagh walikataa, na huko zimebaki kwenye anwani. Hilo lilikuwa jambo la maana sana: jina lisilotamkwa kila siku husahaulika ndani ya vizazi viwili, na ukilipoteza, umepoteza njia ya kurudi kwenye kila daftari lililotajwa hapo juu.

Ukienda mwenyewe, chapisha ramani ya inchi 25 kwa maili, siyo ya simu. Kwenye mistari ya mipaka utaona vifupisho: C.S. ni katikati ya mkondo, C.R. katikati ya mto, F.W. uso wa ukuta, R.H. mzizi wa ua wa miti. Hivyo vinakuambia usimame wapi hasa. Ayalandi haina haki ya jumla ya kupita kwenye ardhi ya mtu, basi bisha hodi nyumba ya kwanza, taja jina la taunilandi kwanza na la ukoo baadaye, na kila lango ulilolikuta limefungwa lifunge nyuma yako.